Kifungo cha Riali Tisa

Ghaniya wa wodi ya watoto ameniuliza
kama vidude vile vina faida kweli
au ni pesa ya kutupa, maana mumewe
hupoteza funguo za gari mara mbili kwa wiki.
Nimemwambia ngoja nimalize zamu.
Jibu langu refu.

Nilikinunua Sibu, jirani na duka la halua,
cheupe, cha duara, kinene kama kifungo cha koti.
Mama akakigeuza kiganjani:
"Riali tisa kwa kifungo?
Kwetu kifungo hupewa mwizi, tena bure."
Nikakitia sandukuni mwake,
chini ya kanga na dawa za presha za akiba,
tukapanda ndege kwenda Salala kuona ukungu wa kharifu.

Salala, mkanda wa mizigo ulizunguka,
ukazunguka,
mpaka ukabaki na kigari cha mtoto na katoni la feni.
Kijana wa dirishani, Musallam kwa kibandiko cha kifuani,
akabonyeza kompyuta: "Halionekani. Labda limebaki Maskati."
Nami nimeshika simu, na nukta ya buluu
imetua, wallahi, Unguja.

Nikamwonyesha. Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka.
Mama akasema, "Unguja gani?"
kana kwamba ziko mbili.
"Kisauni, mama. Kiwanja cha ndege."
"Upande upi wa kiwanja?"

Aliondoka kule ana miaka kumi na mmoja,
kapakata cherehani ya mkono ya shangazi yake.
Hajarudi.
Tumemkatia tiketi mara tatu: ya kwanza goti,
ya pili mvua,
ya tatu alisema tu hapana, akaendelea kuchambua mchele.
Sasa sanduku lake limekwenda bila ya kumuuliza.

Usiku ule ukungu ulijaa dirishani, hatukuutazama.
"Likuze," akasema. Nikaikuza ramani.
"Hiyo njia ya Kiembesamaki. Hapo alikaa fundi baiskeli,
chongo, mkali."
Hapo sasa pana paa la bati.
Chini yake imeandikwa: limeonekana dakika nne zilizopita.
"Limeonekana na nani?"

Ilibidi nimweleze. Kidude hakina macho,
wala sauti ya kufika mbali. Kinanong'ona tu,
na simu ya mpitanjia yeyote
huuchukua ule mnong'ono, mwenyewe hana habari.

Akanyamaza.
"Basi kuna mtu kapita karibu nalo.
Mtu wa kule."
"Ndiyo, mama."
"Tazama tena."
Dakika moja.
"Huyo mwengine," akasema, akajitanda mtandio vizuri
kama aliyesikia hodi.

Nikataka kuwapigia shirika la ndege, niwatajie mpaka mlango.
Akaifunika simu kwa kiganja.
"Waache walale. Usipige mpaka asubuhi."

Siku ya tano lilirudi, mpini umevunjika,
kanga zimekunjwa mkunjo usiokuwa wake.
Kifungo kilisema lilipo, hakikulivuta hata hatua.
Aliyelirudisha ni mtu, mwenye kalamu nyekundu,
aliyejaza fomu na kutia sahihi
ambayo mpaka leo nimeshindwa kuisoma.

Kwa hiyo, Ghaniya, kwa funguo za mumeo: nunua.
Kitalia chini ya kochi, utamcheka.
Jua tu kwamba betri ni ya mwaka mmoja hivi,
na jangwani, pasipopita mtu, kitanong'onea mchanga.

Cha kwetu mama amekataa kitolewe.
Sanduku liko juu ya kabati, na sote tunajua lilipo.
Ila kila baada ya alasiri huniita,
nisogee na simu, nikae kitandani kwake.
"Tazama liko wapi."
"Juu ya kabati, mama."
"Tazama tu."